Kusoma historia ya Njia Nyeupe kwa umri na kemia ya nyota

Kemia ya nyota za Njia Nyeupe, galaksi yetu, inakupa mpangilio wa matukio, lakini haitaji mwaka. Umri unataja mwaka, ila ni rahisi mno kuukosea. Kazi yote hapa chini ni kuzifanya taarifa hizi mbili zikaguane.

Hatua ya 1: Data

Pakua jedwali la nyota la mradi wa APOGEE, toleo la 17, lililotoka Desemba 2021. Lina vipimo vya spektra (mwanga uliotawanywa kwa rangi zake) za infraredi za nyota zaidi ya 650,000, vilivyochukuliwa kwa darubini zilizoko New Mexico, Marekani, na Chile. Namba za utambulisho za Gaia, darubini ya anga za juu ya Ulaya, na paralaksi (msogeo mdogo wa nyota unaotupa umbali wake) zimo humo tayari. Faili ni la FITS, muundo wa data za unajimu, na ni kubwa, kwa hiyo lifungue kwa programu ya TOPCAT au maktaba ya Python ya Astropy na ubakize safu unazozihitaji tu: TEFF (joto la uso, kwa kelvini), LOGG (logi ya nguvu ya mvutano juu ya uso), FE_H (chuma kwa hidrojeni), MG_FE (magnesi kwa chuma), SNR (ubora wa ishara dhidi ya kelele), ASPCAPFLAG na EXTRATARG (alama za onyo) na zile za Gaia.

Hatua ya 2: Chuja bila huruma

Bakiza nyota zenye SNR zaidi ya 100. Tupa zenye biti ya 23 ya ASPCAPFLAG, maana vipimo vyake havifai. Weka EXTRATARG sawa na 0, la sivyo nyota zilizopimwa mara mbili zitahesabiwa mara mbili. Paralaksi iwe angalau mara 20 ya kosa lake. Kisha tumia namba ya utambulisho kuchukua RUWE, kipimo cha jinsi mwendo wa nyota moja unavyolingana na data, kutoka Gaia DR3 (toleo la tatu la data za Gaia), na uondoe zote zinazozidi 1.4, kwani mara nyingi hizo zina nyota mwenza.

Hatua ya 3: Grafu ya kemia

Chora FE_H kwenye mhimili wa mlalo na MG_FE kwenye wa wima. Vipimo hivi ni vya logi na Jua ndilo sifuri, hivyo FE_H ya −1 ni chuma sehemu moja ya kumi ya kile cha Jua. Karibu na −0.5 utaona vijito viwili, kimoja kwenye MG_FE ya takriban +0.3 na kingine karibu na +0.1.

Tofauti hiyo ni saa. Magnesi hutoka kwa nyota nzito zinazolipuka baada ya miaka milioni chache. Chuma kingi huja baadaye, kutoka kwa vibete vyeupe (masalia ya nyota zilizokufa) vinavyolipuka baada ya mamia ya mamilioni ya miaka au zaidi. Kijito cha juu ni cha nyota zilizozaliwa upesi, kabla chuma hicho hakijarundikana.

Hatua ya 4: Umri

Usijaribu nyota zote. Nyota changa kiasi na nyota kongwe za jitu jekundu hubanana sehemu moja ya grafu ya joto na mwangaza, na isokroni (mstari wa modeli wa nyota za umri mmoja, unaolinganisha nao nyota yako) haiwezi kuzitenganisha. Chagua majitu madogo, yaani nyota zilizo njiani kuwa majitu mekundu: LOGG kati ya 3.5 na 4.1, TEFF kati ya 5,000 na 6,000. Hapo mwangaza hufifia waziwazi kadiri umri unavyoongezeka.

Chukua nyota yenye G (mwangaza unaoonekana kwa Gaia; namba ndogo ni mwangaza mkubwa) = 12 na paralaksi ya 2, katika elfu za sekunde ya tao. Umbali ni 1000/2, yaani parseki 500, na mwangaza halisi, ukiondoa 8.5 ya umbali huo, ni 12 − 8.5 = 3.5. Vumbi likiwa limekula 0.3, unabaki na 3.2. Kosa la 0.1 hapa husogeza umri kwa karibu sehemu moja ya kumi, kwa hiyo ramani ya vumbi si pambo. Jozi ya nyota pacha zilizohesabiwa kama moja hung'aa kwa 0.75 zaidi, na umri unaoupata unashuka hadi karibu nusu.

Kosa linalowanasa wengi ni kuingiza FE_H peke yake kwenye isokroni zenye mchanganyiko wa Jua. Ongeza kwanza log(0.638 × 10^[MG_FE] + 0.362). Nyota yenye FE_H ya −0.6 na MG_FE ya +0.3 inapaswa kusomwa kama −0.39. Ukisahau, nyota za kijito cha juu zitazeeka kupita kiasi, na baadhi zitaupita umri wa ulimwengu wenyewe, miaka bilioni 13.8.

Hatua ya 5: Mizingo

Kokotoa mizingo ya nyota kwa galpy, maktaba ya Python ya mizingo, ukiliweka Jua kiloparseki 8.2 kutoka kitovu cha galaksi. Nyota zenye FE_H karibu na −1.2, magnesi pungufu na mzingo mrefu mwembamba (ekisentrisiti zaidi ya 0.8) nyingi ni masalia ya galaksi ndogo iliyomezwa yapata miaka bilioni 10 iliyopita. Ilitambuliwa mwaka 2018; wengine huiita Soseji, kwa umbo lake kwenye grafu ya kasi.

Ukikuta nyota za kijito cha juu zenye miaka bilioni 3 au 4, usikimbilie kutangaza ugunduzi. Nyingi zimepokea maada ya mwenza au zimeungana naye, zikawa nzito na kuonekana changa. Wala usigeuze idadi ya nyota kwa kila umri kuwa kasi ya uzazi wa nyota: APOGEE ilichagua shabaha zake kwa rangi na mwangaza, na uchaguzi huo lazima urekebishwe kwanza.

Kabla ya yote hayo, pitisha fundo la nyota la M67 kwenye programu yako. Nyota zake zina umri mmoja, takriban miaka bilioni 4, na kemia karibu na ya Jua. Majitu yake madogo yakikupa bilioni 2 hapa na 7 pale, rudi hatua ya 4 ukague vumbi na RUWE.