Mtoto Mmoja, Madaftari Mawili: Namna ya Kufanya Utafiti wa Uzamili Kuhusu Elimu na Huduma za Jamii

Katika vijiji vya Tanzania ambako mpango wa TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii) wa kunusuru kaya maskini umefika, kuna watoto ambao majina yao yameandikwa mahali pawili: katika daftari la mahudhurio la mwalimu wa darasa, na katika orodha ya walengwa, kwa sababu sehemu ya ruzuku ya kaya imefungamanishwa na mahudhurio ya mtoto shuleni. Mwalimu anamfahamu mtoto huyo kama mwanafunzi wake, ilhali mratibu wa TASAF na afisa ustawi wa jamii wanamfahamu kama mmoja wa wanakaya wanaohudumiwa. Ni nadra watu hao kukaa meza moja wakamzungumzia. Mwanafunzi wa uzamili anayetaka kuchunguza elimu pamoja na huduma za jamii ana kazi yake hapo hasa, baina ya madaftari hayo mawili, na mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yake.

Swali liwe dogo

Rasimu nyingi za mapendekezo ya utafiti nilizozisoma huanza na mada pana kupita kiasi, kwa mfano mchango wa elimu bila malipo katika maendeleo ya elimu nchini. Mada kama hiyo haijibiki kwa miezi mitatu au minne ya kukaa uwandani kwa fedha za mtu mmoja. Elimu bila malipo yenyewe imekuja kwa awamu: ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001, kabla Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) haujaanza kutekelezwa mwaka 2002, Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ukaondoa ada na michango hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016; kisha mwaka 2022 wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita nao wakaingizwa. Anayesema anachunguza "elimu bila malipo" hajasema bado anachunguza nini.

Linganisha na swali hili: katika kata mbili za wilaya moja ya mkoa wa Dodoma, watoto wa kaya zinazopokea ruzuku walikosa siku ngapi za masomo kati ya Januari na Mei, na mwalimu, mtendaji wa kijiji na afisa ustawi wa jamii walichukua hatua gani walipogundua? Swali hili lina mahali, lina muda, lina watu wanaoweza kuulizwa na lina daftari linaloweza kufunguliwa. Njia rahisi ya kupima swali lako ni kuandika, pembeni ya kila lengo mahususi, jina la hati au cheo cha mtu atakayekupa jibu. Lengo lisilo na hati wala mtu uliondoe mapema, kabla msimamizi hajaliondoa yeye au, vibaya zaidi, kabla hujaligharimia nauli.

Mapitio ya machapisho sitayazungumzia sana, kwa kuwa kila chuo kina utaratibu wake. Nasisitiza mambo mawili tu. Soma waraka wenyewe, usitegemee habari ya gazeti juu ya waraka. Na usipuuze tasnifu za waliokutangulia, ambazo mara nyingi zimekaa kwenye rafu za maktaba, kama zile za mkusanyo wa East Africana pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zikiwa na maelezo ya kata na shule ambayo hutayapata kwenye jarida lolote la nje.

Ngazi ya vibali

Hapa ndipo muda mwingi hupotea, kwa hiyo panga kwa tarehe. Barua ya kwanza hutoka chuoni. Utafiti nchini unasimamiwa na Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1986, hivyo uliza mapema ofisi ya masomo ya uzamili chuoni kwako kama barua ya Makamu Mkuu wa Chuo inakutosha au unahitaji pia kibali cha Tume. Mtafiti asiye raia asithubutu kuanza bila kibali hicho. Barua ya chuo huelekezwa kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ambaye huandika kwenda wilayani na kwa Mkurugenzi wa Halmashauri. Mkurugenzi naye huandika kwa Afisa Elimu Msingi au Sekondari, kwa mtendaji wa kata, na hatimaye kwa mwalimu mkuu au mkuu wa shule.

Kwa utafiti unaogusa huduma mbili kuna jambo ambalo wengi hulisahau. Barua inayotaja shule peke yake haikufungulii mlango wa ofisi ya ustawi wa jamii, ingawa ofisi hizo mbili huenda zinatazamana kwenye ukumbi mmoja wa halmashauri. Mimi mwenyewe niliwahi kukaa siku nne katika mji mdogo nikisubiri barua ya pili, kwa kuwa ya kwanza haikumtaja afisa ustawi wala mratibu wa TASAF, na afisa niliyemkuta alikuwa na haki kabisa ya kukataa kunionyesha majalada yenye majina ya watoto. Omba tangu chuoni kwamba barua itaje idara zote utakazozifikia, aina ya kumbukumbu utakazoomba kuziona, na vijiji utakavyotembelea. Beba nakala nyingi kuliko unavyodhani zitahitajika, maana kila ofisi hubaki na yake, na mashine ya kutoa nakala haipatikani kila kata.

Ukifika kijijini, anza kwa mtendaji na mwenyekiti hata kama shule iko jirani na stendi. Lakini usimfanye mtendaji kuwa mwenyeji wako wa nyumba kwa nyumba. Kaya ikikuona umefuatana na mtu ambaye inaamini ana sauti katika orodha ya walengwa, itakujibu kama inavyomjibu yeye.

Kulisoma daftari la mahudhurio

Wengi hukimbilia hojaji. Mimi nashauri uanze na daftari, kwa sababu litakuonyesha maswali ya kuuliza. Lichukue la darasa moja, ukae nalo mezani ofisini kwa mwalimu, ulifuate mwezi kwa mwezi. Tazama siku za mnada au gulio: je, safu hiyo ina mapengo kuliko nyingine? Tazama majuma ambayo mtama na uwele vinaanza kukomaa, watoto wanapokwenda mashambani kuamia ndege. Tazama pia wino. Juma zima likiwa limejazwa kwa kalamu moja, alama zimefuatana bila kosa wala marekebisho, na kila mtoto yupo, inawezekana daftari lilijazwa Ijumaa kwa kukumbuka. Hilo si kosa la kumshtaki mwalimu aliye na wanafunzi tisini darasani. Ni jambo la kuliandika kwenye shajara yako ya uwandani kama sehemu ya ukweli unaoutafuta.

Kisha ingia darasani, kwa ruhusa, uhesabu vichwa. Hesabu siku ya mnada na siku ya kawaida, asubuhi na baada ya mapumziko. Tofauti kati ya hesabu yako na ya daftari usiifute kwa kudhani umekosea. Mpango wa TASAF ulipoweka masharti ya elimu uliitaka kaya ihakikishe mtoto anahudhuria angalau asilimia 80 ya siku za masomo, na kwa hiyo alama ndogo ya mwalimu ina uzito wa fedha ndani ya nyumba fulani. Mwalimu anayejua hivyo anaweza kuiweka alama kwa huruma. Utafiti ukionyesha kwamba huruma hiyo ipo na namna inavyofanya kazi, umeonyesha jambo ambalo takwimu za wilaya haziwezi kuliona.

Maswali ya Kiswahili, yaandikwe kwa Kiswahili

Vyuo vingi hutaka pendekezo liandikwe kwa Kiingereza, na mwanafunzi akishamaliza hulitafsiri dodoso lake usiku wa kuamkia safari. Matokeo yake ni sentensi ambazo bibi mwenye wajukuu watatu hawezi kuzifahamu, na kwa adabu atajibu "ndiyo". Andika maswali ya mahojiano kwa Kiswahili kwanza, uyasome kwa sauti mbele ya mtu asiye msomi, ndipo uyapeleke kwenye Kiingereza kwa ajili ya kamati. Mahali ambapo wazee huzungumza zaidi lugha ya kwao, tafuta mkalimani asiye kiongozi wa kijiji wala ndugu wa kiongozi.

Swali "Je, ruzuku imewasaidia watoto kusoma?" lina jibu moja tu: "Imetusaidia sana, tunashukuru." Mlengwa amekwisha kukutazama, ameona karatasi na kalamu, na anawaza kwamba pengine umekuja kuhakiki kaya ili wengine waondolewe. Mweleze kwa maneno mafupi wewe ni nani, kwamba huongezi wala hupunguzi jina, na kwamba hata akikataa kuzungumza hapotezi kitu. Halafu uliza vitu vilivyotokea. Ruzuku ya mwisho ulipoipokea, kitu cha kwanza ulichonunua kilikuwa nini? Juma lililopita, ni siku gani mtoto hakwenda shule, na siku hiyo alikuwa wapi? Daftari lililokwisha kurasa, nani alinunua jingine, na lilikaa siku ngapi bila kununuliwa? Majibu ya maswali haya hayana shukrani wala lawama ndani yake. Yana sare, sabuni, debe la mahindi na shamba la mtu, na kutokana nayo unaweza kujenga hoja.

Amueni pia mapema, wewe na msimamizi wako, kuhusu posho. Katika maeneo yaliyozoea wageni wa miradi, watu watauliza. Utaratibu wowote mtakaouchagua uwe mmoja kwa wote, na uelezwe katika sura ya mbinu.

Juu ya ukubwa wa sampuli nina neno moja kali. Karibu kila tasnifu hutumia kanuni ya Yamane: ukiwa na wanafunzi 1,200 na kiwango cha makosa cha 0.05, unagawanya 1,200 kwa 4 (yaani 1 jumlisha 1,200 mara 0.05 mara 0.05) na kupata 300. Hesabu ni sahihi, lakini inadhani kwamba kila mwanafunzi amechaguliwa kwa nasibu kutoka orodha moja. Ukichagua shule tatu na kuwachukua watoto mia moja kila shule, watoto wa shule moja hufanana kwa mwalimu, kwa umbali na kwa njaa, na 300 wako hawana uzito wa 300. Vilevile kanuni hiyo haihusiki kabisa na mahojiano ya kina, ambako walengwa 20 waliochaguliwa kwa sababu zilizoelezwa wazi wanatosha kuliko 300 walioulizwa harakaharaka.

Watoto, siri na wajibu

Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009 inamtambua aliye chini ya miaka 18 kuwa ni mtoto. Kwa hiyo unahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi, na baada ya hapo hiari ya mtoto mwenyewe, ambayo anaweza kuiondoa katikati ya mazungumzo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo inakugusa: orodha ya majina usiiweke pamoja na majibu, na usiitume kwenye kundi la WhatsApp la wasaidizi wako.

Chukua mfano wa wasichana waliorudi shuleni baada ya kujifungua, tangu serikali ilipowaruhusu Novemba 2021. Ni mada muhimu, na wanafunzi wengi wa uzamili wanaipenda. Lakini fikiria mkuu wa shule, kwa nia njema, anasimama mstarini asubuhi na kuwaita "wale waliorudi" wabaki kuonana na mtafiti. Kwa dakika moja utafiti umemvua msichana stara aliyokuwa ameijenga kwa mwaka mzima. Zungumza na mwalimu wa malezi, mwombe afikishe ujumbe faraghani, na ukutane na msichana mahali ambapo wanafunzi wa aina zote huitwa, kwa mfano maktaba. Katika kuandika, kumbuka kwamba kata yenye sekondari moja haina siri: ukiandika kidato, mwaka wa kujifungua na kazi ya mzazi, umeshamtaja. Badilisha au acha maelezo yasiyobeba hoja.

Kabla hujaingia uwandani, jua pia utafanya nini mtoto akikueleza kwamba anapigwa au anaingiliwa. Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu yeyote. Uwe na mawasiliano ya afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, ujue kituo cha polisi chenye dawati la jinsia na watoto kiko wapi, na ukumbuke namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto.

Kuchambua na kurudi

Anza kuchambua ukiwa bado uwandani. Kila jioni andika ukurasa mmoja: nini kimekushangaza, nani amempinga nani. Daftari likisema mtoto alikuwepo, mama akisema alikuwa shambani, na mtoto mwenyewe akisema alifika saa nne, usichague mmoja wa kumwamini. Panga kauli hizo tatu katika safu tatu kwa kila mtoto uliyemfuatilia, kisha utafute mtindo. Programu ya takwimu itakusaidia kuhesabu, lakini jedwali hilo la safu tatu ndilo litakalokupa sura ya matokeo.

Mrejesho uufanye kabla ya kukabidhi tasnifu. Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Omba dakika kumi na tano kwenye ajenda, na siku hiyohiyo mpelekee mwalimu mkuu na afisa ustawi ukurasa mmoja wa Kiswahili usio na jina la mtu. Soma matokeo matatu tu, polepole, halafu kaa chini usikilize. Atasimama mzee aseme kwamba mwezi unaoulaumu kwa utoro ndio mwezi ambao mto ulijaa na njia ya shule ikakatika. Yaandike maneno hayo, urudi kwenye daftari uhakikishe tarehe, na sura ya matokeo uiandike upya.