Jinsi ya kulinda bonde la mtaa wenu kabla kifusi hakijafika

Anayeishi kando ya Bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam, au bonde jingine lolote la mjini, analijua hili: nyumba ya bondeni haianzi na tofali, inaanza na kifusi. Lori linamwaga usiku, matete yanazikwa, kukicha pameshakuwa kiwanja. Ukiona msingi, umechelewa. Kinachotakiwa ni mpaka unaoonekana kwa macho kabla ya lori la kwanza.

1. Tembea bondeni masika yakiisha. Nenda na waliokaa hapo miaka mingi. Mzee mmoja alinionyesha alama ya matope kwenye ukuta wa choo chake, juu ya goti langu, akasema, "Desemba 2011 yalifika hapa, mwanangu." Mafuriko yale yaliua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam, na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Piga picha alama kama hizo. Orodhesha pia viumbe mnaowaona: yangeyange, kenge, vyura, kambare. Makazi yao ndiyo yanayofukiwa.

2. Shika sheria mkononi. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo inataja ardhioevu na mikoko miongoni mwa maeneo yanayoweza kutangazwa kuwa ardhi hatarishi, yaani ardhi ambayo kuiendeleza kunaweza kuhatarisha maisha au kuharibu mazingira.

3. Pima. Futi kamba ya mita 50 na watu wawili wanatosha. Anzia kwenye ukingo, usianzie maji yalipo. Wengi hupima wakati wa kiangazi mto ukiwa umenywea, na hapo mnapoteza ardhi nyingi bila kujua. Kwenye kona pimeni mara mbili. Wekeni mawe yaliyopakwa chokaa, kila jiwe na namba yake, na mhifadhi vipimo vya GPS kwa simu.

4. Omba kuona mchoro wa mipango miji. Nenda kwa afisa mipango miji wa halmashauri ukiwa na vipimo vyako. Usiruke hatua hii! Mtaa mmoja niliofanya nao kazi ulipanda miti mwaka mzima, kumbe viwanja vilishachorwa palepale. Iliniuma sana. Mkikuta viwanja ndani ya mita 60, wekeni pingamizi kwa maandishi.

5. Itisheni mkutano wa mtaa. Waiteni na wanaolima mchicha bondeni, maana wao ndio wako pale alfajiri. Kilimo cha ukingoni kina utata kisheria, kwa hiyo lisemwe waziwazi mbele yao. Muhtasari na mahudhurio yenye saini yapelekwe kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha diwani aisukume hoja halmashauri.

6. Andikeni rasimu ya sheria ndogo. "Ni marufuku kuharibu mazingira" haitamtia mtu hatiani. Andikeni hivi: "Mtu yeyote haruhusiwi kumwaga kifusi, udongo au taka ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, kati ya alama namba 1 na namba 24." Ambatanisheni ramani, mtaje faini na nani atakagua. Kutaja kifusi kwa jina ni muhimu kuliko kutaja nyumba. Rasimu itatangazwa ili wananchi watoe maoni, itapitishwa na madiwani, itaidhinishwa na waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa, kisha itachapishwa kwenye Gazeti la Serikali. Fuatilieni kila kituo, kwa sababu rasimu nyingi hulala mezani.

7. Lindeni alama. Pakeni mawe chokaa upya kila mwaka kabla ya masika. Lori likimwaga, andika namba zake na saa, piga picha, umfikie mtendaji wa mtaa asubuhi hiyohiyo. Rundo bado linazoleka. Likishasambazwa juu ya matete, hakuna atakayelichimbua.