Nairobi hadi New York: hesabu ya kilomita na saa za angani

Usiamini rula kwenye ramani ya ukutani. Dunia ni mviringo, na njia fupi kutoka JKIA (uwanja wa ndege wa Nairobi) hadi JFK (ule wa New York) huelekea kaskazini-magharibi, ikapita juu ya Chad, jangwa la Algeria na Moroko kabla ya kuingia Atlantiki. Ukiwa na tufe, nyosha uzi kati ya miji hiyo miwili utaiona.

Kwa hesabu, chukua kikokotoo cha sayansi, kiweke kwenye digrii, si radiani. JKIA iko latitudo -1.32 (kusini ni hasi), longitudo 36.93 mashariki. JFK iko 40.64 kaskazini na 73.78 magharibi. Kwa kuwa moja iko mashariki na nyingine magharibi, longitudo zijumlishe: 110.71. Jumla ikivuka 180, itoe kwenye 360.

Zidisha sin za latitudo mbili: -0.0150. Zidisha cos za latitudo hizo, kisha mara cos ya 110.71: -0.2683. Jumlisha, upate -0.2833. Bonyeza cos⁻¹, itatoka digrii 106.46, zidisha kwa 111.2 (kilomita za kila digrii). Ni karibu kilomita 11,840. Ukisahau ile alama ya hasi ya kusini, zinapotea kama kilomita 200.

Huo ndio umbali wa chini kabisa, rubani huongeza. Anga la Sudan lilipofungwa Aprili 2023, ndege zililazimika kuzunguka. Kupitia Amsterdam kunaongeza kilomita 700 hivi tu, Doha zaidi ya 2,000, ingawa kinachomaliza siku ni kusubiri uwanjani.

Kwa muda, gawanya kilomita hizo kwa 900, kasi ya ndege kwa saa: saa 13 na dakika 9. Ongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Kisha upepo: huko juu kaskazini huvuma kutoka magharibi, kwa hiyo kwenda ni mbisho, kurudi unasukumwa. Ndiyo maana ratiba ya moja kwa moja huwa kama saa 15 kwenda na 14 kurudi.

Tiketi huandika saa za mahali, na hapo wengi hukwama. Tuseme Julai unaondoka 23:30 (saa tano na nusu usiku) na kufika 07:30. Zinaonekana saa 8. Kurudi, 12:30 hadi 09:30 ya kesho yake, zinaonekana 21. Jumlisha 8 na 21, gawanya kwa mbili: 14.5, wastani halisi wa safari moja, kwani tofauti ya majira imejifuta. Tofauti hiyo ni saa 7 kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi ya kwanza ya Novemba, na 8 miezi mingine, maana Wamarekani husogeza saa zao, Kenya haisogezi.

Tiketi ikisema 00:30 tarehe 15, ni usiku wa kuamkia 15. Uwanjani ufike jioni ya tarehe 14.