Somo: Kuchagua maputo ya springi za nyuma kwa pikapu inayovuta tela

Wakuu, msimu wa korosho ukikaribia, pikapu nyingi kati ya Tandahimba, Newala na Masasi hufungwa tela, na nyuma zinachuchumaa. Usiku taa zinamulika matawi ya mikorosho badala ya barabara. Dawa inayotajwa haraka ni maputo ya hewa ya kusaidia springi. Ni kifaa kizuri na nawafungia watu. Ila anayetoa hela yake ajue jambo moja kabla ya yote: puto linanyanyua bodi, haliongezi uwezo wa gari. Kibao cha uzito cha kiwandani kinabaki vilevile, kwa sababu ekseli, beringi, tairi na breki ni zilezile.

Hatua ya 1: Pima uzito

Hapa ndipo pa kutulia. Chukua tela la maji: tela tupu kilo 400, tenki la lita 1,000 likijaa ni kilo 1,000 nyingine. Jumla 1,400. Ulimi wa tela, pale unapokaa juu ya tobaa (chuma cha kuvutia kilichofungwa nyuma ya gari), unatakiwa ubebe asilimia 10 hadi 15 ya uzito huo, yaani kilo 140 hadi 210. Kuupima si kazi ngumu. Omba mizani ya jukwaa ya kupimia korosho, weka kipande cha mbao juu yake, teremsha ulimi uliojaa mzigo juu ya mbao ukiwa kwenye kimo kilekile cha tobaa, tela likiwa limewekewa vigingi kwenye tairi. Soma.

Sasa angalia kinachotokea kwenye gari. Hilux ya kebini mbili ina kama mita 3.1 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Tuseme tobaa iko mita 1.2 nyuma ya ekseli. Ukiweka kilo 200 kwenye tobaa, ekseli ya nyuma haiongezewi 200, inaongezewa karibu 277, kwa sababu kilo kama 77 zinanyanyuliwa kutoka mbele. Usukani unakuwa mwepesi na breki za mbele zinapoteza mshiko. Ukijaza puto bodi inanyooka, lakini zile kilo 77 hazirudi mbele. Gari linaonekana limepona huku tairi za mbele bado nyepesi, na ndivyo watu wanavyoshuka mteremko wa Newala kuelekea bonde la Ruvuma wakijiamini.

Jumlisha pia mzigo wa ndani ya pikapu na abiria. Ukizidi kibao, ishia hapo. Punguza mzigo, usinunue puto.

Hatua ya 2: Jua springi zako

Ingia uvunguni. Hilux na Land Cruiser za mfululizo wa 70 zina springi za majani nyuma, yaani bapa za chuma zilizopangwa moja juu ya nyingine. Prado na Fortuner zina koili, springi ya chuma kilichozungushwa.

Kwa koili, puto ni mrija mnene unaoingia ndani ya koili yenyewe. Mengi ya aina hii hayatakiwi kuzidi psi 35 (psi ni kipimo cha upepo, kama kwenye tairi). Kwa majani, puto ni la raba nene lenye mikunjo miwili, linakaa kati ya ekseli na chesisi, na hupokea kati ya psi 5 na 100. Kuna seti zilizoandikwa uwezo wa pauni 5,000, kama kilo 2,270. Hicho ni kipimo cha puto. Gari lako halijawa na uwezo huo.

Nunua seti iliyotengenezwa kwa modeli na mwaka wa gari lako. Mabano ya kuchomelea mtaani hayanipendezi kabisa. Yakikaa upande kidogo, puto linajisugua kwenye chuma hadi linatoboka.

Hatua ya 3: Mipira ya hewa na joto

Chagua seti yenye ngao ya joto upande wa ekzosi. Mipira inayopeleka hewa kwenye puto ikatwe kwa kisu kikali, mkato ulionyooka, la sivyo itavuja kwenye viungio. Ipitishe juu ya chesisi, mbali na mawe.

Hatua ya 4: Kujaza

Gari likiwa tupu, pima kwa futi kutoka katikati ya tairi hadi ukingo wa bodi, mbele na nyuma. Andika. Funga tela lenye mzigo, pima tena. Jaza kidogo kidogo hadi nyuma ikaribie kimo cha awali, ibaki chini sentimita moja au mbili. Usiipandishe kuzidi gari tupu. Puto lililokakamaa kwenye barabara ya mashimo linapiga chesisi sehemu moja tu, juu ya ekseli, wakati springi za majani huibeba kwa ncha mbili. Chesisi za pikapu zilizojaza puto na mzigo mzito nyuma hupinda katikati ya kebini na bodi. Australia jambo hili linafahamika sana kwa wavuta tela wa safari ndefu.

MASWALI YA WANACHAMA

Tandahimba: Shikamoo fundi. Nikishusha tela nitoe upepo wote?

Marahaba. Hapana. Acha psi 5 hadi 10, au kiasi kilichoandikwa kwenye seti yako. Puto tupu linabanwa na mikunjo yake na kuchanika.

Kilwa Masoko: Mkuu, niunganishe maputo mawili kwa valvu moja nipunguze gharama?

Usifanye hivyo. Kwenye kona hewa inakimbia kutoka puto lililobanwa kwenda la pili, na gari linalala zaidi. Kila puto liwe na mpira wake na valvu yake.

Masasi: Kwa nini nisiongeze jani la springi tu?

Dada, kama pikapu inabeba mzigo kila siku, ongeza jani. Ni imara na halivuji. Puto linamfaa anayevuta tela siku fulani na siku nyingine anatembea mtupu, maana jani la ziada litamrusha kichwa hadi darini.

Mikindani: Langu linapoteza psi 10 kila usiku. Navuta boti.

Paka povu la sabuni kwenye viungio vyote, kuanzia valvu. Povu likichemka, umepata. Na kila ukitoka kwenye maji ya bahari, osha mabano na bolti kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kutu ikianza pale inakula haraka.

Nachingwea: Tela langu linayumba nikifika kilomita 80 kwa saa. Nimeongeza upepo, bado.

Kaka, puto si dawa ya kuyumba. Ulimi wako ni mwepesi. Sogeza mzigo mbele ya ekseli ya tela, upime tena kwenye mizani. Kama ni tenki la maji lililojaa nusu, maji yanacheza ndani. Lijaze kabisa au litembee tupu, au weka vizuizi ndani. Hadi utakapolipima, usizidishe kilomita 50 kwa saa.