Kuandika herufi za kioo juu ya picha kwa Photoshop

Kioo safi hakina rangi yake. Jicho hukitambua kwa jinsi kinavyopindisha kilicho nyuma yake na kwa mwanga unaonasa kwenye kingo zake. Kwa hiyo kazi huanza na picha ya nyuma, wala si na herufi. Kwa bango la mgahawa wa samaki hapa Kampala nilichagua picha ya mwalo wa Ggaba, yenye mitumbwi, kamba na mawimbi ya Ziwa Viktoria, kwa sababu juu ya ukuta mweupe kioo hakina cha kupindisha, nacho hupotea.

Andika neno, kwa mfano SAMAKI, kwa herufi nene. Katika paneli ya matabaka (Layers), inayoonyesha picha na maandishi yakiwa yamepangwa moja juu ya jingine, shusha kipimo cha Fill hadi 0 bila kugusa Opacity: Fill huondoa rangi ya herufi na kuacha athari zake, ilhali Opacity hufuta vyote.

Neno likishatoweka, bofya tabaka lake mara mbili, kando ya jina, ufungue dirisha la athari. Anza na ile inayoinua kingo (Bevel & Emboss), ukielekeza mwanga wake kule jua la pichani linakotokea. Likiwa juu kushoto, nyuzi 120 zinafaa, na kimo cha mwanga (Altitude) cha nyuzi 60 hivi huusogeza mng'ao ndani ya herufi. Kivuli cha nje kiwe hafifu, chenye rangi ya maji badala ya nyeusi, kwa kuwa kioo hupitisha mwanga.

Hatua ambayo wengi huiruka, nami naiona ndiyo kiini cha kazi yote, ni kupindisha. Rudufu picha ya nyuma, bofya kijipicha cha tabaka la maandishi huku umeshikilia Ctrl ili umbo la herufi liteuliwe, kisha iwekee nakala hiyo maski, yaani kifuniko kinachoificha isipokuwa ndani ya herufi. Ondoa alama ya mnyororo iliyo kati ya picha na maski, bofya picha yenyewe, uikuze hadi asilimia 104. Ubavu wa mtumbwi sasa utakatika unapoingia kwenye herufi na kuendelea kando kidogo, kama kijiti kilichotumbukizwa kwenye bilauri ya maji.

Bango langu la kwanza lilipochapishwa Nasser Road, mtaa wa wachapishaji hapa Kampala, mng'ao niliouacha mwembamba mno ulimezwa na wino. Siku hizi huupanua kwanza, kisha hukagua kazi katika ukubwa wake halisi kabla ya kuipeleka.