Somo: Namna ya kupata kopi ya faili lako la hospitali na kurekebisha makosa yaliyomo

Wakuu, faili linaweza kuwa mali ya hospitali lakini maelezo yaliyomo yanakuhusu wewe, una haki kuyaona, kupewa kopi na kudai yarekebishwe pale walipokosea. Sio hisani ya daktari. Hii kitu naishikia bango tangu ndugu yangu aandikiwe kwamba hana mzio wowote wakati penisilini inamvimbisha uso mzima, na tulijua tu kwa sababu nesi siku hiyo alikuwa anasoma faili kwa sauti.

Hatua ya 1. Omba kwa maandishi. Ukiomba kwa mdomo utaambiwa njoo kesho, na hiyo kesho haifiki. Andika jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, namba ya faili, unataka za kuanzia lini mpaka lini, na unataka nini hasa: majibu ya maabara, dawa ulizoandikiwa, picha zenyewe za eksirei sio ripoti peke yake. Weka kopi ya kitambulisho. Barua ziwe mbili, moja wagonge muhuri na tarehe ubaki nayo, msiidharau hiyo maana siku zinahesabiwa kuanzia hapo.

Hatua ya 2. Jua siku zako. Kenya, kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na kanuni zake za 2021, ni siku 7 kukupa na 14 kurekebisha. Ulaya kwa GDPR, sheria yao ya ulinzi wa data, ni mwezi mmoja na kopi ya kwanza bure. Marekani kwa HIPAA, sheria yao ya taarifa za afya, ni siku 30 kukupa, 60 kurekebisha, na wanaweza kujiongezea 30 mara moja. Tanzania ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Hatua ya 3. Soma. Anza na vinavyoua: mzio, kundi la damu, dawa na dozi. Halafu hakikisha kila karatasi ni yako kweli, majina yakifanana majibu ya mwenzio yanaingia kwako bila mtu kushtuka.

Hatua ya 4. Dai marekebisho. Taja ukurasa, walichoandika, kilicho sahihi na ushahidi wako. Hapa wengi wanakosea, wanataka kosa lifutwe kabisa, hapana! Kosa linapigwa mstari likiwa bado linasomeka, pembeni yanaandikwa maneno yaliyo sahihi, tarehe na saini, kwa sababu kuna daktari alishakutibu akiamini yale maneno na siku ikija kuulizwa kwa nini ulipewa dawa fulani lazima ionekane. Waombe pia wawajulishe waliokwishapewa taarifa mbovu, kama bima au hospitali uliyohamishiwa.

Hatua ya 5. Wakikataa, sababu iwe kwa maandishi, na wewe andika maelezo yako ya kupinga uombe yakae ndani ya faili. Halafu peleka malalamiko kwenye mamlaka ya ulinzi wa data.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu mimi nimeandikiwa nakunywa pombe kila siku na sijawahi kugusa, inarekebishika?
Jibu: Ndio, hilo ni suala la ukweli. Ila kama daktari ameandika anahisi una msongo wa mawazo, hayo ni maoni yake, hutayabadilisha kirahisi, weka maelezo yako pembeni.

Swali: Mama ni mtu mzima hawezi kutembea, naweza kumchukulia?
Jibu: Unaweza, beba barua ya idhini yenye saini au dole gumba lake pamoja na vitambulisho vyenu wote wawili. Pole kwa kuuguza ndugu.

Swali: Mi wameniambia faili limepotea, ndo basi tena?
Jibu: Hapana, kwanza wakuandikie kwamba limepotea. Halafu zunguka maabara, famasi na bima, kila mmoja huwa ana kumbukumbu zake, ulichopata kipeleke wakufungulie faili jipya, na mzio wako uandikwe ukurasa wa kwanza ukiwa umesimama hapo hapo.