Jinsi ya kupanda Gran Paradiso kwa skii ukiwa na kiongozi

Gran Paradiso, wenye mita 4,061, ndio mlima mrefu kuliko yote iliyo ndani ya Italia pekee. Miongoni mwa vilele vya Alpi vinavyozidi mita 4,000, huu ni mmoja wa vinavyofikika kwa skii bila ufundi mkubwa wa kukwea, na sifa hiyo huwafanya wengi waudharau. Kazi yangu ni kuongoza watu milimani, na jambo ninaloliweka mbele ya yote ni hili: wakati wa majira ya kuchipua, theluji ndiyo inayopanga ratiba. Mimi na wewe tunaifuata.

Hatua ya 1: Tafuta kiongozi, umweleze ukweli

Msimu mzuri ni kuanzia mwishoni mwa Machi hadi katikati ya Mei, theluji ikiwa bado nene juu ya nyufa za barafuto (mto wa barafu unaosogea polepole). Mchukue kiongozi mwenye cheti kinachotambuliwa na shirikisho la kimataifa la viongozi wa milima, na umuulize atafunga watu wangapi kwenye kamba moja. Usijisifu kwake. Anachotaka kujua ni kama unaweza kugeuza skii kwenye theluji ngumu, kwenye mteremko wa nyuzi 30 hadi 35, miguu ikiwa imechoka.

Hatua ya 2: Vifaa

Transiva (kifaa cha redio kinachosaidia kumtafuta aliyefukiwa na theluji), fimbo ya kuchokolea theluji na koleo ni lazima. Tangu 2022 sheria ya Italia inamtaka kila anayetembea kwa skii palipo na hatari ya maporomoko ya theluji awe navyo vyote vitatu. Ongeza mkanda wa kujifungia kamba, karabina (pete ya chuma ya kuunganishia kamba), kramponi za viatu (meno ya chuma yanayofungwa chini ya viatu), shoka la barafu, kofia ngumu, na kucha za chuma zinazofungwa chini ya skii. Hizo kucha za skii wengi huziacha nyumbani. Ndizo utakazozihitaji zaidi alfajiri.

Simu iweke angalau sentimita 20 kutoka kwenye transiva unapotembea, na sentimita 50 unapotafuta mtu, kwa sababu huvuruga mawimbi yake. Fanya zoezi la kutafuta kabla ya safari. Aliyefukiwa ana nafasi nzuri ya kupona ndani ya dakika 10 hivi za mwanzo, kisha nafasi hiyo hushuka haraka. Helikopta haiwezi kuwahi muda huo. Atakayemfukua ni aliye karibu naye, na huenda ukawa wewe.

Hatua ya 3: Kutoka Pont hadi nyumba ya wapandaji

Unaanzia Pont, mwisho wa barabara ya bonde la Valsavarenche, kwenye mita 1,960 hivi. Nyumba ya Vittorio Emanuele II iko karibu mita 2,730, mwendo wa saa mbili na nusu au tatu. Nenda polepole kiasi cha kuweza kuzungumza, na unywe maji. Ukiweza, lala huko usiku mbili. Mwili unahitaji muda kuzoea hewa nyembamba. Kichwa kikiuma au ukihisi kichefuchefu, mwambie kiongozi usiku huohuo, usingoje asubuhi.

Hatua ya 4: Usome usiku

Theluji ya majira ya kuchipua huyeyuka mchana na kuganda usiku. Ikiganda vizuri, maporomoko ya theluji yenye maji hupungua sana na madaraja ya theluji yaliyo juu ya nyufa hukaza. Watu hutazama kipimajoto peke yake, lakini tazama mbingu pia. Usiku usio na mawingu, theluji hutoa joto lake likapotea angani, ikaganda hata kama hewa iko juu kidogo ya sifuri. Mawingu yakitanda, joto hilo hurudi chini, na asubuhi utakuta ganda jembamba juu ya uji.

Toka nje kabla ya kifungua kinywa, simama kwenye theluji bila skii. Kiatu kikizama hadi kifundoni, kiongozi akasema leo hatuendi, usibishane naye. Soma pia taarifa ya maporomoko ya theluji ya mkoa wa Valle d'Aosta, yenye viwango 1 hadi 5, ukizingatia inavyosema hatari itabadilika mchana.

Hatua ya 5: Kupanda

Ondoka saa kumi au kumi na moja alfajiri. Mbele yako kuna mita 1,300 za kupanda, na mwendo wa mita 300 kwa saa unatosha. Funga kucha za skii kabla ya mteremko kuwa mkali. Kuzifunga ukiwa umeshaanza kuteleza ni hatari. Kwenye barafuto, kamba kati yenu isilegee ikaburuta chini, wala msikusanyike mahali pamoja kupumzika. Kiongozi ndiye anayejua ufa uko wapi.

Inafaa mfike juu kabla ya saa tano asubuhi. Saa ya kugeuka pangeni jioni ya kuamkia safari, vichwa vikiwa vimetulia. Pale juu kila mtu huona kilele kiko karibu.

Hatua ya 6: Mawe ya mwisho

Chini ya kilele skii huachwa, mnavaa kramponi na kupita ukingo mwembamba wa mawe hadi kwenye sanamu ya Bikira Maria. Hapo hupatikana foleni. Ikiwa ndefu na jua limepanda, mimi huwageuza watu hapohapo.

Hatua ya 7: Kushuka

Njia hii inatazama zaidi magharibi, hivyo jua huchelewa kuifikia. Ukishuka mapema mno utateleza kwenye kitu kigumu kama kioo. Ukichelewa, theluji inakuwa nzito na madaraja yanalegea. Mnachotafuta ni ule muda mfupi sentimita chache za juu zinapolainika huku chini pakiwa pagumu. Fuata mstari wa kiongozi, umwachie nafasi, na usimame palepale anaposimama au juu yake, kamwe usimpite. Mtu akitumbukia ufani, usisogee ukingoni bila kamba. Namba ya dharura ni 112.

Kuanzia katikati ya Aprili theluji inaweza kuisha mbali na Pont. Beba viatu vyepesi, utembee sehemu iliyobaki skii zikiwa zimefungwa mgongoni.